Usalama wa mradi wa mawasiliano huamuliwa mezani, kabla fundi hajapanda mnara

Ndugu Mhariri,

Fundi anapoanguka kutoka kwenye mnara wa simu, habari yake huandikwa kwa namna ambayo wasomaji tumekwisha kuizoea: urefu wa mnara, saa ya ajali, na kauli ya msemaji wa kampuni kwamba uchunguzi wa awali unaonyesha marehemu hakuwa amefunga mkanda wake ipasavyo. Habari huishia hapo. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini maelezo ya namna hiyo, hata yanapokuwa ya kweli, hayatoshi. Kazi yangu ni kupanga na kusimamia miradi ya mawasiliano, yaani minara, mitandao ya faiba, vyumba vya mitambo na vyote vinavyoviunganisha, na kwa uzoefu huo nasema kwamba swali la mkanda huja mwishoni mwa mfululizo mrefu wa maswali. Mengi kati ya maswali hayo yalikwisha kujibiwa ofisini, vizuri au vibaya, miezi kadhaa kabla fundi huyo hajaambiwa ni mnara upi ataupanda.

Mradi wa mawasiliano, kabla haujawa chuma na waya, huwa karatasi. Kuna aliyeamua kwamba mtandao uwake tarehe fulani. Kuna aliyekubali bei fulani. Kuna aliyechora antena ikae mahali fulani mnarani bila kujiuliza itafikishwaje huko. Na kuna aliyetia saini mkataba unaoruhusu kazi igawiwe mkandarasi wa pili, naye aigawe kwa wa tatu. Watu hao hawavai kofia ngumu, lakini wao ndio huyaweka mazingira ambayo fundi atayakuta. Jumuiya ya Ulaya ilipotoa agizo lake la mwaka 1992 kuhusu usalama katika maeneo ya ujenzi, ilieleza katika utangulizi kwamba maamuzi mabaya ya usanifu au ya mpangilio wa kazi, pamoja na upangaji hafifu wakati wa kuandaa mradi, yalichangia zaidi ya nusu ya ajali za kazini zilizotokea katika maeneo hayo. Zaidi ya nusu! Maneno hayo yaliandikwa zamani, na bado uchunguzi mwingi huanzia na kuishia kwenye vifaa alivyovaa marehemu.

Nianze na tarehe. Kampuni inapotangaza kwamba huduma mpya itaanza siku fulani, ratiba ya mradi hupangwa kinyumenyume kutoka siku hiyo, na kila kazi hupewa muda uliobaki badala ya muda inaouhitaji. Vibali vya ardhi vikichelewa, vifaa vikikwama bandarini, michoro ikirudishwa kufanyiwa marekebisho, ile siku ya mwisho haisogei. Kinachosogea ni kazi ya ujenzi, ambayo husukumwa mbele hadi inabanwa katika wiki chache, zikiwemo siku za upepo mkali, mvua na radi ambazo hakuna fundi anayestahili kuwa juu ya mnara. Hapo hakuna mtu aliyetoa amri ya kuvunja kanuni. Ratiba yenyewe ndiyo iliyoitoa, na msimamizi wa eneo la kazi anaitekeleza kwa kunyamaza. Kwa maoni yangu, ratiba isiyo na siku za akiba kwa ajili ya hali ya hewa haipaswi kupitishwa na mtu yeyote mwenye dhamana, hata kama mchoro wake umependeza namna gani.

Marekani inatupa kumbukumbu iliyoandikwa vizuri ya jambo hili. Uchunguzi wa waandishi wa habari wa nchi hiyo uliotolewa mwaka 2012 ulibaini kwamba kati ya mwaka 2003 na 2011 wapandaji 50 walikufa wakifanya kazi kwenye minara ya simu za mkononi, na kwamba kiwango cha vifo vyao kilikuwa takriban mara 10 ya kile cha wafanyakazi wa ujenzi kwa jumla. Mwaka 2013 vifo vinavyohusiana na minara ya mawasiliano vilifika 13, idadi iliyozidi jumla ya miaka miwili iliyotangulia, na mamlaka ya usalama kazini ya nchi hiyo ikaziandikia kampuni za sekta hiyo mwanzoni mwa mwaka 2014 kuzitaka zichukue hatua. Ni miaka ambayo kampuni zilikuwa mbioni kupanua na kuboresha mitandao yao. Waandishi wale walionyesha jambo jingine lililonigusa zaidi: kampuni kubwa iliyonufaika na mnara mara nyingi haikutajwa kabisa katika taarifa za ajali, kwa kuwa kati yake na marehemu palikuwa na ngazi kadhaa za wakandarasi, na aliyechunguzwa na kutozwa faini alikuwa yule wa ngazi ya chini kabisa.

Ngazi hizo ndizo zinazonifikisha kwenye suala la bei. Mwenye mradi hutangaza zabuni na kumchagua aliyeomba fedha kidogo. Mshindi hukata sehemu yake na kumpa mwingine kazi. Huyo naye hukata yake. Fedha inapofika kwa kikosi kitakachopanda, haitoshi tena kulipia mtu wa tatu wa kubaki chini akiwa tayari kwa uokoaji, wala kamba mpya badala ya ile iliyochakaa, wala siku ya mapumziko baada ya safari ya usiku kucha. (Barabara yenyewe ni moja ya hatari kubwa za kazi hii, ingawa haitajwi mara nyingi: mafundi waliochoka, ndani ya gari lililojaa vifaa, wakikimbilia mnara wa pili siku hiyohiyo kwa sababu hulipwa kwa idadi ya minara waliyoimaliza.) Kikosi kilicho katika hali hiyo kikiacha utaratibu wa kamba mbili, ambapo fundi hubaki amefungwa kwa moja wakati wote anapoihamisha nyingine, kimefanya kosa, naam, na kosa hilo linaweza kuua. Lakini utaratibu huo huongeza muda wa kupanda, na muda huo uliondolewa na mtu mwingine aliyekuwa akilinganisha bei za zabuni.

Naomba nikae kidogo kwenye ajali moja ya zamani, kwa sababu inaonyesha jinsi watu wenye ujuzi na nia njema wanavyoweza kufikishwa mahali pabaya na mradi usio na mwenyewe. Tarehe 7 Desemba 1982, katika mji wa Missouri City, Texas, mafundi walikuwa wakipandisha antena ya matangazo yenye uzito wa tani kadhaa kwenye mnara mpya uliozidi mita 500. Antena ilikuja kwa vipande, kila kipande kikiwa na masikio ya kunyanyulia yaliyowekwa na mtengenezaji. Vipande vya mwanzo vilipanda bila shida. Kipande cha mwisho kilikuwa na vikapu vya antena ndogo vilivyotokeza pembeni, na ilidhihirika kwamba kamba za kunyanyulia zingevigonga na kuviharibu pale kipande kinapoinuliwa kutoka kulala hadi kusimama. Wapandishaji waliomba vikapu vitolewe, kisha virudishwe juu, lakini walikataliwa. Wakabuni wenyewe kipande cha chuma cha kurefusha sehemu ya kunyanyulia, ili kamba zipite mbali na vikapu. Wakawaomba wahandisi wa kampuni iliyosanifu antena wakikague. Wahandisi hao walikataa kukitazama, kwa kuhofia kwamba wakikitazama watabeba dhima ya kisheria.

Kilichofuata kilitokana na hesabu ya mzigo. Chuma kilichotokeza pembeni hufanya kazi kama wenzo, na bolti zake hupata nguvu kubwa mara kadhaa kuliko uzito unaoning’inia. Wapandishaji walihesabu uzito na kuusahau wenzo. Bolti zilikatika wakati antena iko juu, antena ikaanguka na kukata waya mmojawapo ulioushikilia mnara, na mnara wote ukaporomoka. Watu watano walikufa.

Kisa hiki hufundishwa katika madarasa ya maadili ya uhandisi, na kwa kawaida mjadala huwa juu ya wale wahandisi waliokataa kukagua. Mjadala huo una haki yake. Mimi humtazama zaidi mtu ambaye hatajwi, yaani yule aliyepaswa kuuliza, wakati antena ingali mchoro, kwamba kipande hiki kitainuliwaje kikiwa na vikapu vyake. Swali hilo lingejibiwa mezani kwa kuhamisha masikio ya kunyanyulia au kwa kubuni vikapu vinavyofungwa baadaye. Halikuulizwa, na lilipozuka lilizukia kwa watu ambao mtambo ulikuwa tayari umefika, kreni inasubiri, na hawakuwa na mamlaka ya kumlazimisha msanifu wala mwenye mradi. Mpango wa kunyanyua mzigo mzito ni sehemu ya usanifu. Unapaswa kuwa na jina la aliyeuandaa, jina la mhandisi aliyeuhakiki, na sharti kwamba mabadiliko yoyote, hata ya bolti moja, yanairudisha kazi kwa watu hao wawili kabla haijaendelea.

Ukarabati nao una hatari zake, na mara nyingi hupangwa kwa uzembe zaidi kuliko ujenzi mpya, kwa dhana kwamba mnara uliosimama miaka mingi hauwezi kuwa na neno. Mlingoti wa redio wa Konstantynów nchini Poland, uliokuwa na urefu wa mita 646 na ambao ndio uliokuwa mrefu kuliko majengo yote duniani kwa wakati wake, ulianguka tarehe 8 Agosti 1991 wakati mafundi wakibadilisha waya zilizoushikilia. Siku hizi jambo la kawaida zaidi ni kuongeza antena nzito kwenye minara iliyosanifiwa kwa antena nyepesi, pengine kwa kampuni tatu au nne zinazoshiriki mnara mmoja, kila moja ikidhani kwamba mwenzake ndiye aliyeomba mhandisi akague upya uwezo wake.

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya mawasiliano iko juu. Iko pia chini ya miguu yetu, na huko humfikia hata asiyehusika na mradi. Tarehe 10 Julai 2018, katika mji wa Sun Prairie, jimbo la Wisconsin, wafanyakazi waliokuwa wakipitisha faiba ardhini walitoboa bomba la gesi. Gesi ikaingia kwenye majengo, ukatokea mlipuko, na nahodha mmoja wa zimamoto akafa. Tarehe 10 Aprili 2019, katika mji wa Durham, North Carolina, uchimbaji wa kupitisha faiba uligonga tena bomba la gesi. Waliokufa ni wawili na waliojeruhiwa ni 25. Wote hawa walikuwa mbali na mnara wowote. Walikuwa kwenye shughuli zao, au walikuja kuwaokoa wengine.

Mashine ya kutoboa chini kwa mlalo inapendwa kwa sababu haipasui barabara, na faida hiyohiyo ndiyo hatari yake, kwa maana mwendeshaji haoni anachokipita. Mpango salama huanza kwa kukusanya ramani za kila mwenye bomba au waya katika njia hiyo, ukijua kwamba ramani hizo huonyesha mahali palipokusudiwa na wala hazithibitishi mahali halisi. Kisha hupitishwa kifaa cha kutambua nyaya na mabomba, nacho kikitumiwa na mtu aliyefundishwa, kwa kuwa bomba la plastiki halitoi ishara kama waya wa umeme unavyotoa. Baada ya hapo huchimbwa mashimo ya majaribio kwa mkono, mahali ambapo njia mpya itapishana na ya zamani, hadi bomba lionekane kwa macho. Hatua hii ya tatu ndiyo inayorukwa, kwa sababu ni ya polepole na haimpi mkandarasi mita hata moja ya kulipwa. Mkataba unaolipa kwa mita za faiba zilizolazwa peke yake, bila kulipa kila shimo la majaribio kama kazi kamili, umekwisha kumwambia mkandarasi afanye nini. Na pale bomba linapotobolewa licha ya yote, kila mtu katika kikosi anapaswa kujua kwamba kazi ya kwanza ni kuondoa watu, wakiwemo wa majengo ya jirani, kwa kuwa gesi iliyozibiwa na lami hutambaa chini yake hadi ipate msingi wa nyumba.

Chemba za chini ya ardhi ambamo nyaya huunganishwa zina hatari ya namna nyingine. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, na katika kanuni nyingi, ikishuka chini ya asilimia 19.5 mtu haruhusiwi kuingia bila vifaa vya kupumulia. Ndani ya chemba iliyofungwa kwa muda mrefu kunaweza kuwa na methani, au kaboni monoksidi isiyo na harufu kutoka kwenye jenereta lililowekwa mdomoni mwa shimo, au gesi ya salfa ambayo hunuka kama yai viza mwanzoni, kisha ikiongezeka huidumaza pua hata mtu akadhani imetoweka. Fundi wa kwanza huanguka, na mwenzake humfuata kumwokoa, naye akaanguka juu yake. Kipimo cha gesi, feni ya kuingiza hewa na mtu anayebaki juu bila kuruhusiwa kushuka ni vitu vinavyopaswa kuwamo kwenye bajeti, kwa idadi, kabla zabuni haijatangazwa.

Kuhusu umeme na mitambo nitasema machache. Betri za asidi zinapochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo inaweza kulipuka ikifika asilimia nne ya hewa, hivyo chumba chake kinataka mzunguko wa hewa uliokokotolewa kitaalamu. Betri za lithiamu huchukua nafasi ndogo, lakini moto wake ni mgumu kuuzima, na kuzihamisha ni mradi kamili. Tarehe 26 Septemba 2025, katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, moto ulizuka wakati betri za namna hiyo zikihamishwa, na mifumo 709 ya serikali ikasimama. Mwanga unaopita ndani ya faiba, wa mawimbi ya nanomita 1310 au 1550, hauonekani kwa jicho, kwa hiyo fundi hawezi kujua kwa kutazama kama waya uko hai. Na vipande vya kioo chake, vyembamba kwa mikroni 125, huingia kwenye ngozi bila kuonekana. Mionzi ya antena nayo haionekani wala kusikika. Miongozo ya kimataifa iliyorekebishwa mwaka 2020 inaruhusu, kwa masafa ya gigahezi mbili na kuendelea, wati 50 kwa mita mraba kwa mfanyakazi aliyefundishwa na wati 10 kwa mtu wa kawaida, na mbele ya antena yenye nguvu kiwango hicho kinaweza kupitwa. Hapa lipo jambo la upangaji ambalo watu hulisahau: kwenye mnara wa kampuni nne, kuzima antena zako hakuzimi za jirani. Makubaliano ya nani anazima nini, saa ngapi, na nani anathibitisha kwa kipimo kwamba kimezimwa, yanahitaji barua na saini za wiki kadhaa kabla. Fundi aliyekwisha kufika mita 40 juu hawezi kuyapata kwa simu.

Uokoaji ndio unaonisikitisha zaidi katika nyaraka ninazoletewa nizisome. Mara nyingi mpango wa uokoaji huwa ni mstari mmoja unaotaja namba ya zimamoto. Mtu aliyening’inia kwenye mkanda baada ya kuteleza ameokoka na anguko, lakini damu hukusanyika miguuni na anaweza kupoteza fahamu katika muda mfupi. Hawezi kungoja gari litoke mjini, tena gari ambalo pengine ngazi yake haifiki hata nusu ya mnara. Kikosi kinachopanda ndicho kinachopaswa kuwa na kamba za kuokolea, ujuzi wa kuzitumia, na mazoezi ya karibuni ya kumshusha mwenzao. Mradi usioweza kugharimia hayo hauko tayari kumpandisha mtu, na ningependa mamlaka zinazotoa vibali ziwe na msimamo huo bila kuyumba.

Usalama wa mradi wa mawasiliano haukomi kwa waliomo ndani yake. Mtandao ni njia ya watu kuita gari la wagonjwa, zimamoto na polisi. Tarehe 8 Julai 2022, kampuni ya mawasiliano ya Rogers nchini Kanada ilikuwa katika hatua ya sita kati ya saba za kuboresha kiini cha mtandao wake. Badiliko moja la mipangilio liliruhusu mafuriko ya taarifa za njia kuingia kwenye ruta za kiini, yaani mitambo inayoelekeza mawasiliano, zikazidiwa, na zaidi ya wateja milioni 12 wakakosa huduma kwa takriban saa 26, wengi wao wakishindwa hata kupiga namba ya dharura. Ripoti ya wataalamu huru iliyotolewa baadaye inaeleza kwamba kazi hiyo mwanzoni iliwekwa katika daraja la hatari kubwa, kisha kwa kuwa hatua za awali zilifanikiwa, hatua zilizofuata zikashushwa hadi daraja la hatari ndogo na hivyo zikapata ukaguzi mdogo. Tena, wahandisi walitegemea mtandao uleule ulioanguka ili kuufikia na kuutengeneza, na wengine walishindwa hata kuwasiliana wao kwa wao.

Nimekitaja kisa hicho pamoja na vya minara kwa sababu ugonjwa ni mmoja. Mafanikio ya jana yalichukuliwa kuwa uthibitisho wa usalama wa leo. Kikosi kilichopanda minara mingi bila ajali hupunguza tahadhari kwa njia hiyohiyo, na ofisi iliyoona minara hiyo imekamilika hukata siku mbili kwenye ratiba ya mnara unaofuata. Tathmini ya hatari inapaswa kuitazama kazi yenyewe na madhara yake ikiharibika, na idadi ya mara ambazo haijaharibika haipaswi kuipunguzia uzito.

Je, mwenye mradi afanye nini? Sheria za Uingereza za mwaka 2015 za usanifu na usimamizi wa ujenzi zinampa mteja, yaani mwenye fedha, wajibu wa kuhakikisha kwamba mradi umetengewa muda wa kutosha na rasilimali za kutosha, kwamba msanifu mkuu na mkandarasi mkuu wameteuliwa kwa maandishi pale wakandarasi wanapozidi mmoja, na kwamba mpango wa usalama umeandikwa kabla eneo la kazi halijaanza kuandaliwa. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unawataka wanaosanifu na kupanga mradi wa ujenzi kuzingatia usalama na afya ya wafanyakazi, na unampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali anapoona kwa sababu za msingi kwamba pana hatari kubwa inayokaribia. Hizi si fikra mpya, na nchi isiyo na sheria ya namna hiyo haimzuii mwenye mradi kuyaandika hayohayo katika mkataba wake kesho asubuhi.

Ningekuwa na uwezo wa kuamuru, ningeanza na fedha. Gharama za usalama ziwekwe kwenye zabuni kama kiasi kisichobadilika, kilichopangwa na mwenye mradi mwenyewe na kufanana kwa waombaji wote, ili pasiwe na anayeshinda kwa kuzikata. Kazi ya kupanda isigawiwe zaidi ya ngazi moja chini ya mkandarasi mkuu, na majina ya watakaopanda, pamoja na vyeti vyao, yamfikie mwenye mradi kabla ya kibali cha kazi kutolewa. Na kikosi kinachoshuka kwa sababu ya upepo kilipwe siku hiyo kama kingefanya kazi. Hilo la mwisho naliona kuwa zito kuliko yote, maana haki ya kusimamisha kazi inayomgharimu fundi mshahara wake ni haki ya maandishi tu, na kila fundi anajua hivyo.

Nitaambiwa kwamba haya yanaongeza gharama na kuchelewesha huduma kwa watu wanaoihitaji. Ni kweli kwamba yanaongeza gharama ya awali, na sitaki kuificha. Watu wasio na mawasiliano nao wana haki ya kuyapata mapema. Lakini mnara unaosimamishwa na mamlaka baada ya kifo huchelewa kuliko uliosubiri upepo utulie. Bomba la gesi lililotobolewa hufunga mtaa mzima. Na mtandao ulioanguka kwa saa 26 hugharimu kuliko usiku mmoja wa ukaguzi wa ziada. Hata pale ambapo hesabu haitoki hivyo, ambapo njia ya hatari ingekuwa kweli ya bei nafuu, bado sioni ni kwa haki gani tofauti hiyo ilipwe na mtu mwenye mkanda kiunoni ambaye hakuwapo bei ilipokubaliwa.

Ndiyo maana nimekuandikia wewe, Ndugu Mhariri, na si mamlaka peke yake. Gazeti lina nguvu ya kuuliza mahali ambapo fundi hawezi kuuliza. Ajali ya namna hii ikitokea tena, nawaomba waandishi wako, baada ya kuuliza kuhusu mkanda, waulize pia: mnara huu au waya huu ni wa nani, na kati yake na marehemu kulikuwa na wakandarasi wangapi? Zabuni ilitenga kiasi gani kwa usalama? Ratiba ilikuwa na siku ngapi za akiba, na ni nani aliyeipitisha? Mpango wa kunyanyua au kuchimba ulihakikiwa na mhandisi gani, na ulibadilishwa lini kwa mara ya mwisho? Nani alikuwa chini, akiwa na kamba ya kuokolea? Mwaka uliotangulia, ni mara ngapi kikosi katika mradi huo kilisimamisha kazi kwa ajili ya hatari, na kililipwa? Majibu yachapishwe pamoja na jina la kampuni yenye mradi, katika ukurasa uleule wenye jina la marehemu.

Wako,
Mhandisi wa miradi ya mawasiliano